Karanga Zilizoivishwa kwa Benchi la Kanisa

Kwa bibi yangu, mama yake baba, mambo ya dini yalikuwa na nafasi ya kujadiliana. Karanga za kuchemsha hazikuwa na nafasi hiyo. Zing'olewe asubuhi na zichemshwe siku hiyo hiyo. Zikilala zimeshakuwa za kukaanga, wapeni watu wa mjini. Zioshwe maji matatu mpaka udongo mwekundu uishe. Zisimenywe. Ziingie kwenye sufuria na maganda yake, zitiwe chumvi ya kumkunja mtu uso, zifunikwe kwa majani ya mgomba, kisha watu wakae watulie. Hapo pa kutulia ndipo ukoo wetu ulipokuwa unashindwa. Baba alikuwa haishi kupita jikoni, anafunua majani, anachukua moja, anaungua vidole, anasema bado. Bibi alimwambia kwamba hata Bwana akirudi leo atasubiri ziive.

Tulikaa Kasulo, wilaya ya Ngara, na hii ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na nilikuwa nyumbani nikisubiri kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni nini. Baba alidhani ni mchumba. Mama alidhani ni cherehani. Bibi hakudhani lolote, alinipa jembe.

Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la matofali mabichi lililokuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja, na aliogopa watu wawili tu duniani: mchungaji wake na mama yake.

Wale wageni walipovuka mpaka, walikuja wengi kuliko miti. Siwezi kulieleza jambo lile kwa njia nyingine. Vilima vilivyokuwa na vichaka tangu nazaliwa vikapata vipara ndani ya miezi michache. Siwalaumu, maana mahindi ya msaada hayaliwi mabichi. Na sisi wenyeji tulikata vilevile, tena kwa pupa, tukisema tukate kabla wao hawajakata, kisha tukikutana njiani tunatikisa vichwa na kusikitikia uharibifu wao. Mti ulipoadimika, mbao zikaanza kuhama. Mlango wa choo cha shule ulitoweka. Ngazi ya jirani ilitoweka. Makaburini misalaba ikaanza kupungua, ikawa vigumu kujua nani alikufa Mkristo.

Ndipo baba alipoamua kuliokoa benchi la wazee.

Kanisa letu halikuwa na viti. Waumini walikalia vijituta vya udongo vilivyojengwa kwa safu, na ukisimama baada ya mahubiri, sketi yako ilibaki na alama ya rangi ya matofali. Wazee wa kanisa peke yao, wanne, walikuwa na benchi lao mbele: la mbao ngumu, lenye egemeo, lililopakwa vanishi, na katikati ya egemeo fundi wa Nyakisasa alikuwa amechonga msalaba. Lilitengenezwa ili wazee waweze kuwaangalia waumini. Kwa kweli lilitumika kwa usingizi. Wazee wale walikuwa na ufundi wa kulala wakiwa wamenyooka, na mmoja wao alikoroma kwa sauti nyembamba iliyofuata tenzi vizuri kuliko kwaya.

Kila Jumapili baada ya ibada baba na mimi tulilibeba benchi hilo mpaka nyumbani, na kila Jumapili alfajiri tulilirudisha. Siku za wiki lilikaa sebuleni kwetu, na hatukuruhusiwa kulikalia. Tulikuwa na benchi zuri kuliko yote Kasulo na tulikula ugali tukiwa kwenye mkeka, tukilitazama.

Mwaka huo mama hakuwepo mwezi wa kwanza. Dada yake wa Nyakahura alikuwa amejifungua, akapanda lori akaenda kumsaidia, akaniachia bibi na kumwachia bibi mimi. Karanga zilikuwa tayari shambani. Bibi akatafuta mtu wa kutusaidia kuzing'oa, akapata mwanamke mmoja kutoka kambini, tuliyekubaliana naye kwamba atachukua sehemu ya karanga kila siku jua likielekea kutua.

Alikuwa mrefu, wa makamo hivi, mwenye mimba iliyoanza kumwelemea. Alivaa buti za mvua za kiume, na kitenge chake kilikuwa kimefuliwa mpaka maua yake hayakujulikana tena ni maua gani. Mume hakuwa naye. Hatukuuliza yuko wapi, yeye hakusema. Aliongea lugha ya kwao na bibi akajibu Kihangaza, lugha yetu wenyeji, na walielewana kiasi cha kuweza kugombana, jambo ambalo kwa bibi ndilo lililokuwa kipimo cha lugha.

Waligombana kuhusu chumvi. Siku ya pili tu, tukiwa tumeinama shambani, yule mwanamke alisema kwamba kwao karanga huchemshwa kwa maji matupu, chumvi hutiwa mwishoni, kisha zinaachwa zipoe ndani ya maji yake. Bibi akanyooka.

"Mwishoni?"

"Mwishoni, mama."

"Labda ndiyo maana mlifukuzwa," bibi alisema.

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walikuwa wamevuka mto na maiti zikielea, na bibi yangu analeta masihara. Yule mwanamke alimtazama kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaketi palepale kwenye tuta akashika tumbo na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na bibi akacheka naye, nikabaki mimi peke yangu nimesimama na heshima zangu. Tangu siku hiyo hawakuachana. Alikuwa akifika asubuhi anasema, "Shikamoo, mama," na kabla ya kuitikiwa anaongeza, "na chumvi ni mwishoni." Bibi alijibu, "Marahaba, mkaidi."

Siku ya Jumamosi baba alivaa suti. Mchungaji mkuu wa eneo alikuwa anakuja kulala kwetu ili Jumapili ahubiri. Baba alituambia mgeni atafika jioni, tuchinje jogoo, tufagie uwanja, na bibi asiongee sana. Kisha akaenda kumsubiri barabara kuu, magari yanaposhusha watu.

Sisi tulikwenda shambani kwanza, kwa sababu jogoo angeweza kusubiri na karanga zisingeweza. Kabla ya saa sita mvua ikatushika. Tulirudi mbio na mizigo ya karanga kichwani, matope mpaka magotini, tukaingia jikoni. Yule mwanamke alikaa kwenye kigoda akaegemea ukuta. Alikuwa amekunja uso.

"Unaumwa?" bibi akamuuliza.

"Siumwi. Nina hamu tu."

"Hamu ya nini?"

Akaona aibu. Akatazama rundo la karanga. "Za kuchemsha. Tangu juzi. Kambini nilizila mbichi, zikanikataa."

Kule kambini, alieleza, kuni alizopata zilitosha kuivisha uji tu. Karanga zote alizokuwa akichukua kwetu alikuwa akizibadilisha kwa vitu vingine, au kuzitafuna mbichi.

Bibi akainuka. Aliosha karanga maji matatu, akajaza sufuria ile kubwa ya shughuli, akaibandika kwenye mafiga. Kuni zetu zilikuwa vijiti vitatu vilivyolowa, magunzi ya mahindi, na majani makavu ya mgomba ambayo huwaka kwa mbwembwe na kufa hapo hapo. Tulipuliza kwa zamu. Moshi ulijaa jikoni mpaka tukawa tunajuana kwa kikohozi. Baada ya muda mrefu bibi alichovya kidole kwenye yale maji, akakiacha humo. Maji yalikuwa ya kuogea mtoto.

Akasimama. Akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Kalete lile," akaniambia.

"Lipi?"

"La kulalia wazee."

Nilielewa mara ya kwanza, lakini nilijifanya sikuelewa, kwa matumaini kwamba ataghairi. Nikamwambia baba ataniua.

"Baba yako nilimzaa mimi," bibi alisema. "Akitaka kuua, aanzie kwangu. Kalete, na shoka."

Yule mwanamke akajaribu kuinuka. Alisema kile kilikuwa kitu cha Mungu, yeye hawezi kula kilichoivishwa na kitu cha Mungu, atakwenda zake.

"Kaa," bibi akamwambia. "Mungu umewahi kumwona amekaa? Wanaolikalia ni wanaume wanne, na wana makalio ya kutosha kukalia udongo kama sisi."

Nililileta. Nakiri kwamba kabla ya kulitoa sebuleni nililikalia. Nilikaa mara moja, kwa haraka, nikaegemea, nikaona kumbe lilikuwa gumu na linachoma mgongoni pale kwenye msalaba. Nilishangaa wazee walivyoweza kulala.

Bibi alilipasua mwenyewe. Alianza na miguu. Mbao ile ilikuwa kavu kama hasira, na vanishi ilipoguswa na moto ilitoa mwali wa kibuluu na harufu ya ofisi. Dakika chache tu maji yakaanza kusema. Egemeo lenye msalaba bibi hakulichoma. Alisema yeye si mpagani. Alilikata kwa kipimo, akaliweka juu ya majani ya mgomba kama kifuniko, na mvuke ukawa unatoka pande zote za msalaba ule, unapanda darini.

Kuhusu chumvi waligombana tena, wakafikia mwafaka ambao nadhani hata wakubwa wanaokutana kwenye mahoteli hawaufikii: nusu mwanzoni, nusu mwishoni.

Zilipoanza kunukia kama zimekaribia, tulisikia sauti uwanjani. Mchungaji alipata lifti ya gari la mizigo, akafika saa tisa. Jogoo alikuwa hai, anatembea.

Mchungaji alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, amelowa mpaka soksi. Alimwamkia bibi, bibi akaitikia. Baba alimwingiza sebuleni, nikasikia akisema kwa furaha, "Karibu ukae, baba mchungaji." Kisha akaniita, na akaniambia kwa upole wa mtu anayejizuia, "Lete benchi mgeni akae."

Nilimtazama bibi, ambaye alikuwa ameingia nyuma yangu na ungo wa karanga zinazotoa moshi. Alitandika mkeka katikati ya sebule, akaweka ungo.

"Karanga zinaliwa chini," akasema.

Mchungaji, namshukuru mpaka leo, alivua viatu akaketi. Akachukua moja, akaipasua kwa meno, akafyonza maji ya chumvi kwenye ganda kabla ya kutafuna, nikajua huyu ni mtu aliyelelewa vizuri. Baba aliketi pembeni yake. Aliinamia upande wa bibi akamnong'oneza.

"Mama, benchi liko wapi?"

Kinywani mwa bibi l na r zilikuwa zikibadilishana zamu zinavyotaka. Alimnyooshea mgeni kidevu akanong'ona, "Anarira."

"Analia?" baba akashtuka, akamgeukia mgeni. Mgeni alikuwa anatabasamu na maganda yamemjaa kiganjani. "Analia nini?"

"Harii. Anarira," bibi akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Benchi. Anarira benchi."

Niliona jambo lile, kwamba mgeni alikuwa analila benchi, likimwingia baba usoni polepole, kuanzia macho. Aliinuka akaenda jikoni, na mchungaji, akidhani ni desturi ya nyumba, akainuka akamfuata ili akamshukuru mpishi. Nikawafuata na mimi. Walikuta mwanamke mwenye mimba ameketi kwenye kigoda, kinywa kimejaa, bakuli mapajani. Kwenye majivu misumari ilikuwa imekaa kwa mstari. Juu ya sufuria palikuwa na msalaba unaotoka jasho.

Yule mwanamke akameza kwa shida. Alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Kosa ni langu. Tumbo lilitaka."

Baba alikuwa amefungua mdomo. Mchungaji alitazama ule msalaba, akatazama lile tumbo, akamalizia kutafuna alichokuwa nacho.

"Chumvi mmetia mwanzoni au mwishoni?" akauliza.

Bibi na yule mwanamke walijibu kwa pamoja, kila mmoja la kwake. Mchungaji akasema kwao waliweka mwanzoni, ila mama yake alikuwa akiongeza kidogo mwishoni, na akaomba ungo mwingine.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili ikaja, na wazee wanne wakafika kanisani wakiwa wamepiga pasi, wakakuta mbele pako wazi. Baba aliwaeleza nje, taratibu. Watatu walikaa kwenye udongo pamoja na watu wengine, nyuso zimewavimba. Wa nne, yule mwenye sauti nyembamba, alikataa kukaa. Alisimama ibada nzima ameegemea ukuta ili tuone dhuluma aliyotendewa, na katikati ya mahubiri akalala akiwa wima. Mchungaji alihubiri habari ya kukaribisha wageni. Hakutaja benchi, lakini alisema mara mbili kwamba kukaa chini hakujawahi kumpeleka mtu jehanamu. Jumatatu akaondoka zake, na upole wake akaondoka nao.

Wazee wakakaa kikao. Walimwita bibi na kumuuliza kama anatubu.

"Natubu nini?"

"Umechoma mali ya kanisa."

"Nimepikia mwenye mimba."

"Ungepikia kwa kuni."

"Nionyesheni," bibi akasema. "Nionyesheni kuni ziko wapi, nikazilete sasa hivi, nitubu na nyinyi mle."

Wakamtenga miezi mitatu, asishiriki meza ya Bwana. Tangazo alilisoma baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwinjilisti, akasoma jina la mama yake mwenyewe mbele ya watu. Ile ndiyo sehemu ambayo sikuicheka, wala sijawahi kuicheka. Tulipofika nyumbani baba alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko. Bibi alimpelekea ugali. Niliwasikia wakiongea chini chini, na baadaye nikamsikia baba akicheka, kicheko kile cha mtu asiyetaka, na bibi akisema, "Divai yenyewe ni kifuniko kimoja, mwanangu. Sitakufa."

Miezi hiyo mitatu bibi hakukosa Jumapili hata moja. Alikaa nje, mlangoni, pamoja na yule mwanamke, wakiwa na bakuli kati yao. Sheria ilimkataza meza, haikumkataza kizingiti. Wakati wa sala ya kimya kanisa zima lilisikia maganda yakipasuka. Waumini walianza kugombania vituta vya karibu na mlango.

Mama aliporudi kutoka Nyakahura na kuelezwa yote, aliuliza jambo moja tu, kama sufuria yake ya shughuli imeungua. Ilikuwa imeungua. Alinuna wiki nzima, na hakuna mchungaji aliyekuja kumtuliza.

Mvua za masika zilipokuwa zinakaribia kwisha, mtu alileta habari kwamba yule mwanamke amejifungua mtoto wa kike hospitali ya kambini. Bibi akachemsha karanga, safari hii zilizokaushwa, akizilaani muda wote kwa kutokuwa mbichi, tukaondoka asubuhi. Pale getini mlinzi alitaka kujua tumebeba nini. Bibi alimpa kiganja kimoja, akamsimulia jinsi ya kuzila, akampa kiganja cha pili ili amalize kutuuliza. Tulimkuta mama mtoto kwenye hema ndefu, amelala ubavu, mtoto amefungwa kwenye khanga mpya ya msaada. Bibi alimchukua mtoto, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua mhogo sokoni, akasema amekamilika. Yule mwanamke alikula karanga zote, mbele yetu, bila kuzungumza. Alipomaliza akasema chumvi imezidi.

Tukiwa njiani kurudi, jua la mchana likiwa kali na hakuna mti wa kutuficha, bibi aliniambia jambo ambalo baba hakuwahi kuniambia. Alisema yeye mwenyewe alivuka mto kutoka upande ule, zamani, msichana wa umri wangu, na baba akiwa tumboni. Alilala kwa watu asiowajua kule Nyakisasa, na baba alizaliwa kwenye banda lao la mbuzi. Alilisema kama mtu anayeeleza alikonunua kikapu.

Nilihisi nimeelewa kila kitu, nikajiona mtu mzima.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulichoma lile benchi," nikamwambia. "Ulikumbuka."

Bibi alisimama. Alinitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtu ambaye hakuchaguliwa kwenda sekondari.

"Hapana," akasema. "Na mimi nilikuwa na hamu ya karanga."

Akaendelea kutembea, na kwa umri wake alitembea haraka, nikalazimika kukimbia kidogo ili nimfikie.